Rangi Kwenye Mkia wa Tausi

Sikieni hii ya Fisi, binti wa kwanza kwenye ukoo wao kuingia chuo. Asubuhi moja kakuta mlango wake umepakwa rangi nyekundu: MLA MIZOGA RUDI KWENU. Akaenda kwa Tausi, mkuu wa chuo.

"Mkuu, mtafute aliyeandika. La sivyo mimi naacha masomo, siwezi kulala pale."

Tausi akaita wanachuo wote uwanjani, akatandaza mkia wake. "Chuo chetu ni familia moja. Tunalaani kitendo hiki kwa nguvu zote."

Ngiri ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, na kwato zake nyekundu tupu.

"Mkuu, hebu mwangalie Ngiri kwato," Fisi akanong'ona.

"Mwanangu, tusinyoosheane vidole. Uchunguzi unataka muda."

Ngiri akaja kumpongeza Tausi. "Mzee, leo umeongea," akasema, akamgonga mgongoni. Mkia ukabaki na madoa mekundu.

Tausi akageuka, akauona mkia wake ulivyochafuka, ndipo akaziona zile kwato. "Ngiri, beba begi lako utoke. Leo hii hii."

Fisi sasa angebaki chuoni, ila hakucheka.

"Ningejua ni hivyo, Mkuu," akasema taratibu, "ningekuomba mlango wangu uufunge mkiani kwako."