Unga wa Kusafisha Kisima cha Bi Mwanamkuu

Molekuli arobaini zilikuwa zimeshamwaibisha Zubeir. Ya arobaini na moja ilinasa.

Aliisanifu kwenye kompyuta ya maabara yao, Kibaha: pete yenye tundu katikati, la kukamatia zile kemikali za florini zisizooza, zinazotiwa kwenye vikaango ili chakula kisigande na kwenye makoti ya mvua ili yasilowe. Akaipa jina Zubeirini. Ni unyenyekevu tu, alisema, maana jina la ukoo lingekuwa refu.

Kilichobaki ni kuujaribu unga wa Zubeirini kwenye kisima cha Bi Mwanamkuu, Kisarawe. Miezi saba nyuma, siku ya mvua kubwa, Zubeir alikwenda kukipima. Mwenye kisima alikuwa msibani, basi akajichotea mwenyewe, mikono ya koti lake jipya la mvua ikichovya ndooni. Majibu yakatisha: zile kemikali zilikuwa tele. Kijiji kikafunga kisima, na bustani ya mchicha iliyomlisha mjane wa watu ikakauka. Tangu hapo Zubeir hakulala vizuri. Unga ukifaulu, kisima kitafunguliwa.

Safari hii jua lilikuwa kali na Bi Mwanamkuu alikuwepo. Zubeir alimwamkia, akausifu unga wake nusu saa nzima, kisha akashika kamba ya ndoo.

"Mgeni hachoti maji kwangu," alisema Bi Mwanamkuu, akampokonya unga na chupa ya sampuli. "Kaa unywe chai."

Akakaa. Akala na mihogo. Alipokabidhiwa chupa iliyojaa, akarudi Kibaha akiendesha polepole kama aliyepakia mayai.

Mashine ilisoma sifuri. Wakarudia mara tatu, sifuri. Dokta Margareth, mkuu wake, ambaye hajapata kumsifu mtu, alimpa mkono. Wenzake wakaomba hotuba. Alikataa kidogo, kisha akatoa ndefu.

Akampigia Bi Mwanamkuu, akaweka spika ili ofisi nzima isikie akishukuriwa.

"Shikamoo, mama. Maji yako sasa ni safi kabisa. Unga umefanya kazi."

"Marahaba. Alhamdulillahi." Bi Mwanamkuu akashusha sauti. "Ila usinikasirikie, mwanangu. Kisima kile alikichimba marehemu mume wangu, roho ilikataa kukitilia kitu nisichokijua. Unga wako sikuutia. Nilikuchotea maji kama yalivyo."