Mtungi wa Posa

Koleta alimkamata mkono ukiwa juu ya mtungi.

"Fungua."

Brightness akafungua kiganja. Chumvi ikamwagika sakafuni, chumvi ya kupanga foleni, ambayo kijiji kizima cha Myamba kilikuwa kikiitafuta.

"Shangazi, mimi yule mzee simtaki."

"Chumvi wazee wataitambua kwa tone la kwanza," Koleta alisema kwa sauti ya chini. "Watajua ni mkono wa mtu. Toka humu, na nisikuone tena karibu na pombe yangu."

Akafunga mlango, akaweka kigoda mbele yake, akaketi.

Dengelua ile ilikuwa ya posa. Kwa desturi ya ukoo wao, pombe ya miwa ya siku hiyo hutengenezwa na shangazi wa binti, na huchujwa mbele ya wazee wa mkwe, waone kwamba haina hila. Ikitoka tamu, binti ametolewa. Ikitoka chachu, wazee waliotangulia kaburini wamekataa, na hakuna abishanaye nao. Tangu ujana wake Koleta hakuwahi kuchachisha mtungi. Hiyo ndiyo sifa iliyomlisha mjane yule asiye na shamba.

Mkwe, Nicolaus, alikuwa mgane mwenye duka mjini Same. Tangu serikali ilegeze biashara, rafu zake zilijaa sabuni na vitenge, wakati duka la ushirika lilikuwa na vumbi tu. Zebedayo, baba wa binti, alikuwa ameahidiwa mabati ya nyumba nzima. Koleta naye aliahidiwa ya kwake, maana paa lake lilivuja kama chujio.

Pombe ikaiva. Wageni hawakufika.

Habari ililetwa na Yahaya, utingo wa basi: lori la Nicolaus limekwama Same, dizeli hakuna. "Wamesema keshokutwa, mzee, wakijaliwa."

Zebedayo alikwenda mbio kwa dada yake. "Dada, chuja basi! Itachacha."

"Mkwe ameketi?"

"Hajaketi, lakini..."

"Basi sichuji. Unataka waseme tumewaficha jambo?"

"Angalau ondoa moto hapo karibu."

"Mtungi ukipata baridi unakufa. Lini wewe umetengeneza pombe, Zebedayo? Nenda kaangalie mbuzi wako."

Akasukuma kuni ndani. Baadaye majirani walimwona nyuma ya nyumba akimenya miwa michache.

"Ya kutafuna," aliwaambia, "inifukuzie usingizi hapo mlangoni."

"Kwa meno gani, mama?" wakamtania.

"Kwa haya mawili yaliyobaki."

Hatimaye lori lilipanda mlima likinguruma, mabati yakilia nyuma. Wageni wakaketi. Koleta akautoa mtungi mwenyewe, akachuja mbele yao, akampa kata ya kwanza Mzee Melkizedeki, mkubwa wa upande wa mkwe. Nyuma ya mlango, Brightness alishika fremu kwa mikono miwili.

Mzee akanywa funda moja. Akaligeuza mdomoni. Akalitema kwenye majani.

"Imekataa," akasema.

"Mzee, hii ni dizeli tu iliyotuchelewesha!" Nicolaus aliinuka. "Kuna kreti za bia kwenye lori, tuendelee."

"Bia ya dukani haisemi kitu. Na hiyo dizeli, wewe unajua nani aliizuia?" Mzee akavaa kofia yake. "Washa gari."

Zebedayo aliyasindikiza mabati kwa macho mpaka kwenye kona. Kisha akampa dada yake mgongo, akaenda kwa mbuzi wake.

"Koleta mkono umezeeka," mwanamke mmoja alisema, bila kujali kusikika. "Posa ya mwanangu nitamwita mwingine." Wenzake wakaitikia.

Koleta aliiokota kata. Aliingia ndani taratibu, akaegemea ukuta, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Brightness akamsogelea akilia.

"Shangazi, nisamehe. Wamekuvunjia jina kwa ajili yangu."

"Funga mlango."

Binti akafunga. Koleta akapiga magoti, akaingiza mkono uvunguni, akavuta kimtungi kidogo kilichofunikwa jani la mgomba. Akachuja kikombe kimoja, akampa.

Brightness akaonja. Ilikuwa tamu, imeiva asubuhi ile ile, kwa miwa ile ya kutafuna.