Njia ya Shakwe

Wanyama wa kisiwani, waliochoshwa na giza, walimuuliza Shakwe upepo usiokatika uko wapi, wajenge mtambo wa umeme.

"Kilimani, kwenye njia yangu," akajigamba yule ndege. "Nani anaujua upepo kama mimi?"

Wakaujenga palepale. Taa zikawaka.

Jioni moja makinda wa Shakwe waliruka kwa mara ya kwanza, wakaelekea moja kwa moja kwenye mapanga ya mtambo yaliyokuwa yakizunguka.

"Nani kauweka njiani mwetu?" akalia mama yao.

"Si wewe uliyetuonyesha, Bi Shakwe?" akajibu Kaa, mlinzi wa mtambo.

"Usimamishe, Bwana Kaa, nakusihi!"

Kaa akaitazama taa yake, akawatazama makinda, akavuta breki. Makinda wakapita.

"Nani katuzimia taa?" kisiwa kizima kikafoka gizani.

"Ni mimi," akajibu Shakwe. "Na kesho wanangu watapita tena."