Sauti Kwenye Ukosi

Akbar alishika kanga ya tatu, mwanaume akaongea ndani yake, naye akaiachia upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

“Nguo za huku usizishushe kwanza, sista. Nakuomba.”

Auleria, msimamizi, alikuwa juu ya ngazi na mkasi wake. “Shikamoo, baba. Onyesho linafungwa leo. Mafundi wameshaanza kukata nyaya.”

Godauni lile la Tegeta lilijaa nguo zilizoning’inizwa toka darini, vumbi la saruji limetua mabegani. Mlangoni waliandika: NGUO ZA MAREHEMU WETU. SHIKA, USIKILIZE. Kila nguo ilishonewa spika ndogo kwenye ukosi au pindo; ukiishika, inaongea. Wasanii nao wana mambo yao.

Jana Husain, jirani yake wa duka kule Mbagala, alimwambia, “Zarin nimemsikia kwenye nguo za Tegeta. Nenda ukasikie mwenyewe.” Basi Akbar akajua mkewe amekufa.

Miaka saba. Siku ile mtoto anaungua homa, yeye katumwa dawa, na maisha yamemshinda. Miguu ikampitisha famasi ikampeleka stendi, akapanda basi la Tunduru. Hakupiga simu hata mara moja. Aliporudi Dar, aibu ikamzuia kukanyaga Tegeta, alikomwacha mkewe na mtoto. Sasa kachelewa, na alichobaki kukitaka ni kimoja: amsikie. Hata kama kamlaani, sawa, alaaniwe ajue moja.

“Alikuwa anavaa nini, baba?”

“Mtandio wa kijani.”

“Mitandio iko ukutani kule. Wahi.”

Akakimbia. Mtandio wa kwanza ulitoa sauti ya msichana, wa pili ya mzee anayelia. Hakusimama kujiuliza kwa nini. Nyuma yake nguo zilikuwa zinakatwa sauti moja baada ya nyingine, na mtu mzima yule akaanza kulia hadharani, kamasi na machozi, bila kujifuta.

“Zarin, nisamehe. Sema hata neno moja.”

Mitandio ikaisha. Akageuka akimbilie mstari mwingine, bega lake likagusa shati la kiume la mistari, lililoungua mfukoni kwa pasi.

“Mie Zarin,” shati likasema.

Akalikumbatia kwa mikono miwili. Ni yeye, na upole wake uleule.

“Shati hili la mume wangu, Akbar. Alitoka kumtafutia mtoto dawa. Watu wananiambia katukimbia, mie nawakatalia. Mtoto yuko vile, baba gani aondoke? Akbar angekuwa hai, angerudi.”

Auleria akashuka ngazi, akamwekea mkono begani.

“Pole sana, baba. Marehemu mlikuwa mnafahamiana?”