Kilo Sita za Bibi Luo

Walimpima mama yao kwa mizani ya nguruwe.

Msicheke. Mizani ilisuguliwa kwa maji moto, kikapu kikatandikwa mfarishi, na Bibi Luo mwenyewe, miaka sabini na minane, aliingia humo akipunga mkono kama bibi harusi. Wanaume wawili wakainua mabegani mti uliobeba mizani na kikapu. Mzee Tan, mwenyekiti wa kijiji, akasogeza jiwe la mizani kwenye ufito wenye alama za kilo.

Kijijini kwao mama mjane hula kwa zamu: mwezi huu kwa mwana mkubwa, mwezi ujao kwa mdogo. Hilo ni la tangu zamani. Kupima ndiko kulikuwa kupya, na kulianza pale wake wa wana hao walipotuhumiana kumshindisha mama njaa. Tan akaamua kila akihama apimwe. Leo ilikuwa mara ya sita, na leo ndiyo ya kukata shauri: mama akae kwa nani hadi siku zake ziishe.

"Hamsini na saba!" Tan akatangaza. "Mwezi uliopita aliingia kwa Shuisheng na kilo hamsini na moja."

Uwanja ukalipuka. Shuisheng, yule mdogo, fukara mwenye paa la viraka, akafuta macho kwa mkono wa shati. Mkewe Chunlan hakufuta kitu. Alikuwa akitafuta mtu wa kumrushia maneno.

"Sisi hatuna ghorofa," akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto. "Tuna mboga za chumvi, tuna nyama ya kukausha, tuna roho. Viatu vyenyewe nimemnunulia vipya, vya zamani vimekataa kuingia! Wengine mtu anapanda kwao ghorofani, anashuka ufagio."

Kweli, kila zamu ya Peigen, yule mkubwa, mama alipungua. Nyumba ghorofa mbili, friji kubwa kama kabati, na mama akatoka amesinyaa.

"Peigen, friji yako ya mapambo?" mtu akadakia.

"Ya kuhifadhia ubahili, usioze!" mwingine akamjibu.

Peigen akamgeukia mama yake. "Mama, sema basi. Tulikunyima nini?"

"Chumvi," Bibi Luo akajibu kutoka kikapuni. "Mkeo ananilisha kama sungura. Halafu kile kidonge chake cha asubuhi, ati cha moyo, cha kutoa maji mwilini! Kutwa nzima niko chooni. Kwa Chunlan hakuna kidonge. Kuna nyama."

Watu wakacheka hadi wabeba mti wakayumba. Yuzhen, mke wa Peigen, aliyewahi kuuza dawa mjini, alikuwa akimtazama mama miguuni. Miezi sita yote hakujitetea. Mkwe anayebishana na mama mkwe hapati mtetezi, hata mumewe.

"Basi," Tan akasema, "mama atakaa kwa Shuisheng. Moja kwa moja. Mwenye neno?"

Yuzhen akatoka kwenye kundi. Akapita mbele ya wote, akapiga magoti kando ya kikapu, ambacho sasa kilikuwa kimeshushwa chini.

"Ehee!" Chunlan akasema. "Omba radhi, dada, usione haya. Mama atakusamehe."

Yuzhen hakuomba radhi. "Mama," akauliza taratibu, "usiku unalala chali?"

"Nikilala chali nakosa pumzi, mwanangu. Wiki ya tatu hii nalala nimekaa."

Yuzhen akapandisha suruali ya mama mkwe wake. Mguu ulikuwa mnene, unang'aa, fahari ya nyumba ya Shuisheng. Akaukandamiza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akahesabu moja hadi kumi kwa sauti, akakiondoa kidole.

Vicheko vikakoma kimoja kimoja, na shimo la kidole lilikuwa bado palepale.