Dirisha la Chumba cha Kompyuta

Kampuni ilipoleta kompyuta yake ya kwanza, kubwa kama makabati matatu, iliiweka nyuma ya dirisha la kioo linalotazama barabara, mji mzima uione ustaajabu. Kila adhuhuri mama yake Sikudhani, akirudi sokoni, alisimama pale na kikapu chake, akamtazama binti yake aliyefanya kazi mle ndani akibadilisha tepu za mashine, kisha akagonga kioo mara mbili kwa kiganja na kwenda zake.

Siku moja mkurugenzi, Bwana Mahundi, alimwagiza Sikudhani aandike yote yanayoweza kuidhuru mashine. Aliandika kurasa nne, na hatari ya kwanza ilikuwa dirisha.

"Umeona mbali," Bwana Mahundi alimwambia. "Tunaliziba. Na usalama wa mashine nakukabidhi wewe."

Siku ya ujenzi, mama alipokuja adhuhuri, kioo kilikuwa kimeshaondolewa na matofali yamefika kifuani.

"Sasa mnamzibia nani, mwanangu?"

"Watu wanaochungulia, mama."

Mama akaangalia barabara, huku na huku. "Mbona siku zote nasimama hapa peke yangu."

Sikudhani alitaka kumwambia ni nani aliyeandika zile kurasa. Fundi akaomba nafasi, akapanga tofali jingine.

Kesho yake, saa sita mchana, Sikudhani alitega sikio ukutani kwa ndani. Mashine ilivuma, asisikie kitu. Akagonga mara mbili kwa kiganja, na plasta mbichi ikabaki na alama ya mkono wake, vidole vyote vitano.