Soli ya Kushoto

Soli ilikuwa imeachama tena. Mwalimu alikiweka kiatu cha kushoto juu ya meza ya fundi, nacho kikakaa mdomo wazi kama mamba anayeota jua.

"Habari za kazi, Fundi? Mgonjwa wako amezidiwa."

Fundi alikigeuza kiatu, uso ukamwiva kwa aibu. Wiki iliyopita tu alikitia gundi. Miaka thelathini na minane ya kushona viatu, hajapata kurudishiwa kazi. Watu walizoea kusema kwamba kiatu kikipita mikononi mwake, mguu ndio hutangulia kuchakaa.

"Safari hii natia misumari," alisema. "Hiki kitanizika mimi."

Mwalimu, mama aliyestaafu kufundisha Kiingereza, alikaa kwenye kigoda cha wateja kungoja. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake.

"Unajua hiyo soli unayoigonga, jina lake tumeliazima kwa Waingereza? Nao waliliazima kwenye Kilatini. Huko ilikuwa ndara."

"Kumbe dunia nzima ni waazimaji!"

"Tena kwa Kiingereza lina maana nyingine."

"Ipi hiyo?"

"Nitakwambia nikirudi."

Fundi alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Nikirudi! Yaani hata misumari haiamini.

Na kweli, wiki haikuisha. Misumari ilikuwa imechomoka kama meno ya mtoto.

"Ni samaki," alisema Mwalimu hata kabla ya salamu. "Yuko bapa kama ndara, basi wakampa jina hilohilo."

Fundi hakuwa na hamu ya samaki. Alitoa uzi mnene, akaupaka nta, akaizungushia soli mishono miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Maana zimekwisha?" aliuliza, akikata uzi.

"Bado moja. Nikirudi."

Siku ya nne akarudi. Uzi ulikuwa umekatika.

"Mwalimu, unatembea juu ya nyembe?"

"Wala. Nyumbani na hapa, hapa na nyumbani."

Fundi alishona tena. Tangu mkewe afariki, kazi ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi. Sasa nayo ilikuwa inamkimbia.

"Maana ya tatu," Mwalimu alisema polepole, "ni peke yake. Mtu asiye na mwenzake. Asili yake ni neno jingine, ila tamko ni lilelile."

Fundi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nimekupata. Mimi ndiye fundi pekee mtaa huu, ndiyo maana unanivumilia."

Mwalimu alichukua kiatu chake akaenda zake.

Jioni ile Fundi alimpigia simu binti yake, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimbembeleza ahamie kwake.

"Mwanangu, mikono imeisha. Njoo Jumamosi unichukue."

"Baba! Na vifaa vyako?"

"Vigawe. Mimi na viatu basi."

Siku zilizobaki alizimaliza kwa kazi moja: kumshonea Mwalimu jozi mpya, ngozi laini, kila tundu kalipima mara mbili. Hakutaka kuondoka mtaani akikumbukwa kwa kiatu kibovu.

Jumamosi asubuhi, kabla binti hajafika, alibeba jozi ile hadi nyumbani kwa Mwalimu. Njiani aliirudiarudia hotuba yake yote: kuomba radhi, kisha kuaga. Alipiga hodi, hakuitikiwa. Alisikia mtu akiguna kule uani, kama anayebeba gunia. Akahofia mama wa watu ameanguka, akazunguka nyumba mbiombio.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kampa mgongo, kiatu cha kushoto amekibana magotini, koleo mikononi, jasho likimtiririka, akiivuta ile soli kwa nguvu zake zote.

"Ewe Fundi," alikuwa akinung'unika peke yake, "kwani kushona vibaya hujui, hata mara moja tu?"